“Yatazoea” Si Sera

Naandika makala haya nikiwa nyumbani, Oldeani, katika juma ambalo ukungu hautaki kuondoka mlimani hadi saa tano asubuhi. Kahawa inachumwa. Baba yangu mdogo, ambaye ameyafahamu mashamba haya tangu akiwa mtoto wa kibarua, alinikuta nimeinamia kompyuta barazani akaniuliza naandika nini. Nikamjibu kwamba naandika kuhusu matumbawe. Ilibidi nimweleze matumbawe ni kitu gani, naye aliponielewa alicheka kwa sauti. “Daktari,” aliniambia, “bahari iko wapi na sisi tuko wapi?”

Swali lake ni la haki. Kutoka hapa hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 500 za barabara. Hata maji yetu hayafiki baharini: mvua inayonyesha upande wa kusini wa mlima huibukia katika chemchemi za Mang’ola, hunywesha vitunguu, kisha huishia Ziwa Eyasi, ile ya upande wa Karatu hutelemka hadi Ziwa Manyara ikiwa imebeba udongo wetu mwekundu. Kwa hiyo dhambi ya kulizika tumbawe kwa tope, ambayo ndugu zetu wa mabonde mengine wanayo, sisi hatuna. Tunazo nyingine.

Hata hivyo nilimwambia baba mdogo, na sasa nakwambia wewe msomaji, kwamba mimi sikuanza kuyafikiria matumbawe kwa sababu ya bahari. Nilianza kwa sababu ya neno moja nililolisikia kikaoni.

Kilikuwa kikao cha kujadili mradi fulani wa pwani. Ofisi iliyokiitisha siitaji, na mradi wenyewe siutaji, kwa kuwa kasoro ninayoieleza haikuwa ya ofisi ile peke yake. Mshiriki mmoja aliuliza: matumbawe yaliyopauka mwaka 2024 yamezingatiwa vipi katika mpango huu? Afisa aliyekuwa mezani, mtu msomi na mwenye heshima zake, alijibu, “Yatazoea.” Kisha, kwa kuwa alihisi jibu lile ni fupi mno, akaongeza kwamba sayansi ya kisasa imegundua matumbawe yana jeni za kuhimili joto. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwandishi wa muhtasari akaandika. Ajenda iliyofuata ilikuwa posho ya usafiri.

Mimi nilinyamaza. Nakiri hilo kwa aibu. Shahada yangu ya uzamivu inahusu sera za mazingira, si biolojia, na nilihofia kubishana na neno “jeni” mbele ya watu. Tangu siku ile nimesoma, nimewasumbua wenzangu wa sayansi, nimeomba nielezwe mara mbili mbili. Na nilichokipata ndicho kinachonikasirisha: afisa yule hakusema uongo. Alisema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyobeba uzito wote.

Tuanze na tumbawe lenyewe. Tumbawe ni mnyama. Ni kundi la wanyama wadogo mno, kila mmoja ana mdomo na minyiri, nao hujijengea mifupa ya chokaa ambayo kwa karne nyingi hugeuka kuwa mwamba. Ndani ya nyama ya mnyama huyu huishi mwani wa seli moja. Mwani hupata hifadhi na mbolea kutoka kwa mnyama; mnyama hupata sukari inayotengenezwa na mwani kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka huko. Ni ubia wa zamani sana. Lakini bahari inapozidi joto la kawaida la msimu wake wa joto kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, na joto hilo likakaa majuma kadhaa, mitambo ya mwani huharibika na kuanza kutoa aina za oksijeni zinazounguza seli. Mwenye nyumba humfukuza mpangaji. Rangi huondoka na mwani, mifupa myeupe huonekana kupitia ngozi, nasi husema tumbawe limepauka. Halijafa bado. Lina njaa. Joto likipungua mapema, mwani hurudi. Likikawia, tumbawe hufa.

Ndani ya seli, mambo huanza kubadilika saa chache tu baada ya joto kupanda. Jeni zilizokuwa zimelala huamshwa. Nyingine hutengeneza protini ambazo kazi yake ni kuzishika protini nyingine zisikunjike vibaya kwa joto, mfano wa fundi anayeshikilia paa huku upepo ukivuma. Nyingine hutengeneza vimeng’enya vya kuzima oksijeni ile inayounguza. Nyingine zinahusika na kinga ya mwili, na nyingine huamua seli ipi ijiue ili kiumbe kizima kiokoke. Jenomu ya kwanza ya tumbawe kusomwa yote ilichapishwa mwaka 2011, na watafiti wa Okinawa, Japani, walikuta ndani yake jeni takriban 23,700. Hesabu hiyo haiko mbali na ya binadamu. Mnyama asiye na ubongo ana silaha nyingi kuliko tulivyomdhania.

Sasa njoo kwenye nusu ya kweli ya afisa wetu. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kisiwani Ofu, Samoa ya Marekani, walilinganisha matumbawe ya aina moja yanayoishi katika madimbwi mawili ya mwambani. Dimbwi moja hupata joto kali kila maji yanapokupwa, jingine halipati joto kiasi hicho. Walipoyapasha moto yote mawili, matumbawe ya dimbwi baridi yaliamsha jeni zake kwa kishindo. Yale ya dimbwi la moto yalionyesha mshtuko mdogo zaidi, kwa sababu jeni zipatazo 60 zilikuwa tayari zinafanya kazi kwa kiwango cha juu hata kabla ya joto kuja. Yalikuwa yanaishi kama mtu wa nyumba ya makuti ambaye ndoo zake za maji hazikauki hata siku moja. Utafiti uliofuata mwaka 2014 ulionyesha kwamba matumbawe yaliyohamishiwa dimbwi la moto yalijifunza sehemu ya ustahimilivu huo katika muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 2015, huko Australia, wanasayansi walichanganya mbegu za matumbawe ya maji ya joto na ya maji baridi zaidi, na mabuu waliozaliwa na mzazi wa maji ya joto walikuwa na nafasi ya kuishi katika joto kali iliyo kubwa hadi mara kumi.

Haya ni mambo ya kusisimua, na sitaki mwanafunzi yeyote anayesoma hapa adhani nayabeza. Kwa muda mrefu tuliamini tumbawe ni kiumbe dhaifu kisicho na la kufanya. Kumbe lina la kufanya.

Lakini soma tafiti hizo hizo hadi mwisho. Matumbawe ya Ofu yalijifunza sehemu tu ya ustahimilivu. Hayakufikia kiwango cha wenyeji wa dimbwi la moto, kwa sababu kiasi kingine ni cha kurithi, na urithi haujifunzwi. Mabuu wa Australia walihitaji mzazi aliyetoka maji ya joto, na mzazi huyo awe hai. Ustahimilivu hautokani na jeni moja unayoweza kuitafuta na kuipandikiza. Unatokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, kiasi kwamba ukiua nusu ya matumbawe ya mwamba hujui umetupa mchango upi. Kisha ipo gharama. Tumbawe linaloweka jeni zake za dharura macho usiku na mchana linatumia nguvu ambazo lingezitumia kukua na kuzaa. Yapo matumbawe yanayobadilisha mpangaji na kuchukua aina ya mwani inayovumilia joto, nayo hujipatia nyuzi 1 hadi 1.5 za ziada. Hulipa kwa kukua polepole. Hakuna chochote katika orodha hii ambacho ni cha bure.

Hapo ndipo nilipomkumbuka simba.

Sisi wa Karatu tunaishi mlangoni mwa kreta ya Ngorongoro, na kisa cha simba wa kreta kingepaswa kufundishwa katika kila shule ya msingi hapa. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa kupita kiasi, walizuka inzi wanaouma kwa wingi usiomithilika. Simba waliumwa hadi wakajaa vidonda, wakakonda, wakashindwa kuwinda. Idadi yao ilianguka kutoka simba 60 na zaidi hadi takriban kumi. Katika miaka michache iliyofuata waliingia madume saba kutoka nje, na kutokana na kikundi hicho kidogo simba wa kreta wakaongezeka tena hadi kuufikia wingi wa zamani. Mtalii aliyekuja mwaka 1975 aliona simba wengi, wanene, wakilala juani. Angeulizwa, angesema wamezoea.

Watafiti, akiwamo Craig Packer aliyewachunguza simba wa Serengeti na Ngorongoro kwa miongo mingi, walipochunguza damu na mbegu zao walikuta picha nyingine. Simba wale wote walikuwa wazao wa wachache wale. Tofauti za kijenetiki kati yao zilikuwa zimepungua, na mbegu za madume zilikuwa na kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti, ambao ni jirani zao wa umbali wa safari ya siku chache. Hesabu ya vichwa ilirudi. Akiba ya urithi haikurudi. Na mahali ambapo akiba imepungua, pigo linalofuata hukuta kibubu kimeshavunjwa.

Huo ndio msingi wa hoja yangu yote. Kuzoea kwa kijenetiki maana yake ni kwamba wengi wanakufa na wachache wenye urithi unaofaa wanabaki kuzaa. Neno “yatazoea”, likisemwa na mtaalamu wa jeni, limebeba vifo ndani yake. Likisemwa mezani na mtawala, vifo vimeondolewa na limebaki faraja. Anayelitumia kama sababu ya kutofanya kitu anafanana na mzazi anayesema mtoto wake hahitaji chanjo kwa kuwa babu yake alinusurika na ndui. Hataji ndugu wangapi wa babu hawakunusurika.

Tena kuzoea huhitaji muda. Tazama kalenda yetu wenyewe. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mafungu mengi ya Mafia yaliyokuwa bustani yakawa makaburi. Bahari ikachemka tena mwaka 2010. Ikachemka mwaka 2016. Mwezi Aprili 2024 ikatangazwa rasmi kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe ulimwenguni kote, na Tanzania na Kenya zilitajwa miongoni mwa nchi zilizoguswa. Hesabu mwenyewe: miaka 12, kisha 6, kisha 8. Mwamba ulioungua vibaya huhitaji mwongo mmoja na zaidi kurudi, na matumbawe mengine ya mviringo, yale makubwa kama nyumba, yana umri wa karne. Tunaviomba viumbe vya karne vibadili urithi wao katika muda wa vipindi viwili vya ubunge.

Nawasikia wanaharakati wakipiga makofi, nami nawaomba wangoje, maana ipo hoja ya upande wa pili ambayo ni nzito. Joto la bahari hatukulileta sisi. Mchango wa Tanzania katika hewa ukaa ya dunia ni mdogo kiasi kwamba ungeweza kufutika kesho bila kipimajoto chochote cha baharini kutambua. Kwa nini basi mvuvi wa Kigombe au wa Jibondo abanwe kwa kosa la viwanda vya mbali? Nakubali kila neno la hoja hiyo, isipokuwa hitimisho lake. Joto hatuwezi kulizima kutoka Dodoma. Lakini tumbawe lililopigwa na joto huhitaji nguvu, na nguvu hizo hupungua linapolazimika pia kupambana na tope, maji taka, baruti na nanga. Jeni zile zile za dharura ndizo zinazoitwa kwa kila adui. Adui mmoja hatumuwezi. Wengine wanne tunawaweza, na baadhi yao tumewaleta wenyewe.

Na tusidanganyane kwamba dola haiwezi. Kwa miaka mingi Tanzania ilitajwa kwa fedheha kama nchi ya Afrika ambako uvuvi wa baruti uliendelea kwa kiwango kikubwa na mchana kweupe. Mlipuko mmoja huua samaki wote, wakubwa kwa wadogo, na huacha kifusi cha mawe ambacho mabuu ya matumbawe hayawezi kushika kwa kuwa hakitulii. Tuliambiwa ni umaskini, tukaambiwa ni utamaduni, tukaambiwa pwani ni ndefu mno kulindwa. Kisha, katikati ya muongo wa 2010, vyombo vya dola vilipoamua kufanya kazi pamoja na kuifuata baruti hadi inakotoka, milipuko ilipungua mno katika muda mfupi. Umaskini haukuwa umekwisha. Pwani haikuwa imefupishwa. Kilichokuwa kimepatikana ni uamuzi. (Wanafunzi wangu wa utawala, tafadhali andikeni tasnifu kuhusu jambo hili, badala ya tasnifu ya arobaini juu ya “changamoto za utekelezaji”.)

Sasa nifike Tanga, ambako hoja hii ina makali kuliko kwingine.

Mtafiti Tim McClanahan, aliyefanya kazi Mombasa kwa miongo kadhaa, na wenzake wamebainisha kwamba kipande cha bahari kati ya Shimoni nchini Kenya na Dar es Salaam, chenye urefu wa kilomita 400 hivi, kina bahati ambayo sehemu nyingi za bahari hii hazina. Mkondo wa Pemba una kina kikubwa, na maji baridi ya chini huyapoza mafungu yaliyo karibu nao. Wakati kwingine kunaungua, hapo huungua kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2021 jopo la watafiti lililoongozwa na David Obura, pia wa Mombasa, lilitathmini miamba ya matumbawe ya magharibi yote ya Bahari ya Hindi na kuonya kwamba iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Weka matokeo hayo mawili pamoja. Ikiwa bahari nzima iko hatarini, na ikiwa kipo kipande kimoja chenye uwezekano wa kubaki, basi kipande hicho ndicho ghala la mbegu. Mabuu ya matumbawe husafiri kwa mikondo. Tafiti za kijenetiki za pwani ya Kenya na Tanzania zimeonyesha kwamba mafungu yaliyo mbalimbali hubadilishana urithi. Kitakachookoka Pemba na Tanga ndicho kitakachoweza kupanda upya kwingine.

Na hapo hapo, rasi ya Chongoleani, ndipo linapoishia Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Hapo ndipo meli za mafuta zitakapotia nanga.

Sisemi bomba lisiwepo. Nimechelewa kusema hivyo, na wapo waliosema mapema kwa ujasiri kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba sehemu hii ya bahari haiwezi tena kuhesabiwa kama sehemu nyingine yoyote ya pwani katika Tathmini ya Athari kwa Mazingira, iwe ya bomba, ya bandari, ya hoteli au ya bwawa la kamba. Mwaka 2009 tulianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga kwa ajili ya samaki ambaye dunia ilidhani amekwisha kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Ilikuwa fahari, na ilistahili. Lakini silikanti ni samaki wa kina; matumbawe yaliyo juu yake ndiyo yanayolisha watu. Ukiuliza ofisini thamani ya mwamba wa Tanga utapewa idadi ya watalii na tani za samaki. Thamani ya urithi wake wa joto haina safu katika jedwali. Kisicho na safu hakilipiwi fidia, na kisicholipiwa fidia hakimzuii mtu kuchimba.

Nimtaje pia mwanafunzi mmoja, bila jina. Alikuwa na ari ya kuchunguza kama matumbawe ya maji ya kina kifupi, yale yanayoachwa karibu na hewa wakati wa bamvua, yana tofauti ya kijenetiki na ya maji ya kina. Ni swali zuri. Ndilo swali la Ofu likiulizwa kwetu. Alipata kibali, akapata boti ya kuazima, akapiga mbizi, akakusanya vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha. Akavihifadhi katika friji ya maabara fulani akisubiri fedha za kuvipeleka nje ya nchi kusomwa DNA, kwa kuwa alikokuwa hakukuwa na mashine yenye vitendanishi. Umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta haikuwa na mafuta. Jumatatu alikuta maji ya uvundo. Leo anauza bima, na anafanya vizuri, na kila akiniona huniuliza kwa utani kama matumbawe yameshazoea.

Hili si suala la friji tu. Tulijiunga na Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inayosema kwamba anayetumia rasilimali za kijenetiki za nchi lazima agawane manufaa na nchi hiyo. Maneno mazuri. Lakini kugawana huanza kwa kujua ulichonacho. Nchi isiyosoma jeni za matumbawe yake itaambiwa na wengine ni tumbawe lipi lenye thamani, na itaambiwa baada ya wao kulichukua. Huku Oldeani tuna ukumbusho wake. Jina la mlima huu ni la Kimaasai na maana yake ni mianzi, kwa sababu ya msitu wa mianzi ulioko huko juu. Mwaka 2013 mtaalamu wa mimea wa Uingereza aliupa mwanzi wa milima ya Afrika jina jipya la jenasi, Oldeania, kwa heshima ya mlima wetu. Mmea unaitwa kwa jina letu katika vitabu vya dunia nzima, na nimeuliza madarasa matatu ya kidato cha sita hapa wilayani bila kumpata anayelijua jambo hilo. Baba mdogo alipolisikia hakucheka. Alikaa kimya, kisha akauliza, “Walitulipa?”

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na najua mko wengi kuliko mnavyokiri, nina mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatosha kumtaka kila mwekezaji wa pwani kati ya Dar es Salaam na mpaka wa Kenya aonyeshe, kwa takwimu za joto la bahari za miaka iliyopita, kama eneo lake ni kimbilio la matumbawe au si kimbilio. Takwimu za vipimajoto vilivyozamishwa katika maeneo tengefu zichapishwe kila mwezi, kama inavyochapishwa mvua, ili mvuvi na mwandishi wa habari wasisubiri ripoti ya mfadhili. Na fedha za uchumi wa buluu, neno ambalo limepambwa kwenye kila bango tangu mwaka 2020, zitoe walau gharama ya maabara moja nchini, Buyu au kwingineko, yenye mashine, vitendanishi, fundi, na jenereta yenye mafuta siku ya Ijumaa. Naitaja jenereta kwa makusudi. Nimeona mikakati ya kurasa 80 isiyoitaja.

Kwa wanafunzi: someni biolojia hata kama mnasoma sheria. Nilinyamazishwa kikaoni na neno la silabi mbili, nikiwa na shahada tatu. Nisingependa liwapate na ninyi.

Ukungu umepanda sasa. Kilele kinaonekana, na mistari ya kahawa chini yake imeng’aa. Baba mdogo amerudi na kikapu akaniuliza kama nimemaliza, kwa kuwa mikono yangu inahitajika shambani. Nimemwambia bado kidogo. Nimepata barua kwamba kikao cha pili cha mradi ule kitafanyika mwezi ujao, na muhtasari wa kikao cha kwanza umeambatishwa ili uthibitishwe. Ukurasa wa nne una mstari huu: “Kuhusu matumbawe: ilielezwa kuwa yatazoea.” Nimeandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, maswali manne. Mangapi yatakufa kwanza? Ya aina gani? Wapi? Nani amehesabu? Nitakwenda nayo, na safari hii sitanyamaza.